Shule ya Mtakatifu Petro, Rosettenville, na Sababu ya Kufungwa Kwake

Wazee wa Masasi wamkumbuka Askofu Trevor Huddleston, yule mtu mrefu, mwembamba, aliyekuja kwetu mwaka 1960 akatuchunga hata mwaka 1968. Habari zake za huku zajulikana. Lakini si wengi wajuao ya kwamba kabla ya kuja huku alikuwa msimamizi wa shule iliyokuwa mashuhuri sana miongoni mwa shule za Waafrika katika Afrika ya Kusini, na ya kwamba shule hiyo yeye na wenzake waliamua kuifunga wenyewe, nayo ingali imejaa watoto, ina walimu wema, na sifa yake imeenea. Katika vitabu vya Jubilei desturi yetu ni kuandika habari za shule zilizofunguliwa: mwaka fulani padre fulani alijenga banda la miti na nyasi, wakaja watoto kumi na wawili, na leo tazameni majengo. Habari hizo ni njema, nami nazipenda. Walakini naona yafaa iwemo pia habari ya shule iliyofungwa, maana pengine kuufunga mlango ni kazi nzito kuliko kuufungua, nasi yatupasa kujua ilikuwaje hata watu waliowapenda watoto wakatenda neno kama hilo.

Kwanza nieleze mahali penyewe. Johannesburg ni mji uliozaliwa na dhahabu. Dhahabu ilionekana mwaka 1886, na mara watu wakamiminika kutoka pande zote: Wazungu kwa maelfu kutafuta utajiri, na Waafrika kwa maelfu mengi zaidi kutafuta fedha ya kodi. Walitoka Upondo, na Uzulu, na nchi ya Wasotho, na Msumbiji, na Nyasaland, na baadaye hata kusini mwa Tanganyika. Katika mji huo wakafika, mwaka 1903, watawa wa Kanisa la Anglikana waitwao Jumuiya ya Ufufuo, ambao shirika lao lilianzishwa Uingereza mwaka 1892, na nyumba yao kubwa iko Mirfield. Wakajipatia mahali Rosettenville, kitongoji cha kusini mwa mji, wakajenga nyumba yao, na chuo cha kuwafundisha mapadre wa Kiafrika, na mwaka 1922 wakaanzisha pale shule ya wavulana na wasichana, wakaiita kwa jina la Mtakatifu Petro.

Siku zile mtoto wa Kiafrika katika jimbo la Transvaal, akiisha kumaliza darasa za chini, alikuwa kama mtu aliyefika ukingoni mwa mto usio na mtumbwi. Mbele kulikuwa na mitihani mikubwa iliyofungua mlango wa chuo kikuu, lakini ni wapi pa kusomea? Shule ya Mtakatifu Petro ikawa mtumbwi huo. Ilikuwa ndogo, wala haikupata kuwa na watoto wengi. Lakini waliotoka mle walikuwa kama chachu katika unga. Watu wakaipa jina, wakaiita "Eton ya Waafrika," kwa mfano wa shule ile ya watoto wa wakubwa huko Uingereza. Sifa hiyo mimi siipendi sana. Watoto wa Eton hawakamatwi njiani kwa kukosa kipande.

Maana hali ya nchi ilikuwa hivyo. Ndani ya lango mtoto alisoma Shakespeare, na hesabu za herufi, na habari za elektrisiti; aliimba kanisani; alikula na kulala pamoja na wenziwe wa makabila mengi, Mzulu na Mxhosa, Msotho na Mtswana, wala hapakuwa na sheria ya kusema huyu ni mkubwa na huyu ni duni ila kwa bidii yake. Nje ya lango alikuwa "boi" tu, hata kama ana ndevu. Kijana aliyekwisha kukua alitakiwa kuchukua kipande wakati wote, na askari polisi yeyote aliweza kumsimamisha na kumwuliza. Aliyekuwa asubuhi akishindana na mwalimu wake juu ya maana ya shairi, jioni aliweza kulala mahabusu pamoja na wezi. Uonevu wa mtoto kwa mtoto uwanjani mwa shule twaujua, na mwalimu mwenye macho huukomesha kwa siku chache. Lakini huu ulikuwa uonevu wenye mhuri wa Serikali, na mwonevu amevaa kofia ya kazi. Mwalimu atafanya nini?

Miongoni mwa walioingia katika lango lile alikuwa kijana mmoja wa Upondo, jina lake Oliver Tambo, aliyezaliwa mwaka 1917 katika nyumba ya wakulima karibu na Bizana. Alisomea kwanza katika misheni ya Msalaba Mtakatifu huko kwao, akapelekwa Rosettenville katikati ya miaka ya 1930. Mwaka 1938 akafaulu mtihani wa mwisho kwa daraja la kwanza, akaenda chuo cha Fort Hare, akapata shahada ya sayansi mwaka 1941. Mwaka uliofuata akafukuzwa kule kwa ajili ya mgomo wa wanafunzi. Kijana aliyefukuzwa chuoni kwa mgomo, nani atampa kazi? Shule yake ya zamani ikampa. Tangu 1943 hata 1947 alikuwa mwalimu pale pale alipokuwa mwanafunzi, naye alifundisha sayansi na hesabu.

Naomba msomaji aliweke moyoni neno hilo la hesabu, maana tutalirudia.

Wengine waliosoma pale walikuwa Peter Abrahams, mtoto wa baba Mhabeshi, aliyekuja kuwa mwandishi wa vitabu vinavyosomwa dunia nzima. Na Es'kia Mphahlele, mwandishi mwingine mkubwa, ambaye mwaka 1952 alipoteza kazi yake ya ualimu kwa kuwa alisema waziwazi juu ya hila iliyokuwa ikiandaliwa katika mambo ya elimu. Na Duma Nokwe, aliyefundishwa na Tambo, akawa Mwafrika wa kwanza katika Transvaal kuwa wakili wa mahakama kuu. Na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta. Habari za huyu wa mwisho zafurahisha. Alikuwa mtundu, hata akawachosha wakubwa wake. Padre Huddleston alimwuliza atakacho ni nini hata atulie. Akajibu ya kwamba akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena. Akapewa tarumbeta, na wenzake nao wakataka vyombo vyao, ikaanza bendi ya shule. Baadaye mwanamuziki mkuu wa Marekani, Louis Armstrong, alipopata habari zao aliwapelekea tarumbeta yake mwenyewe. Kwamba Masekela tangu hapo hakumsumbua mtu tena, sisadiki.

Sasa nimtaje huyu padre vema. Trevor Huddleston alizaliwa Bedford, Uingereza, mwaka 1913, akasoma Oxford, akawa padre, akaingia Jumuiya ya Ufufuo mwaka 1939. Mwaka 1943 akapelekwa Johannesburg, kwanza katika mtaa wa Sophiatown, kwenye kanisa la Kristo Mfalme. Sophiatown palikuwa mahali ambapo Waafrika waliweza kumiliki viwanja vyao wenyewe, jambo lililokuwa nadra. Palikuwa na msongamano, na pombe, na visu usiku. Palikuwa pia na nyumba za watu wa heshima na makanisa yaliyojaa. Pale alijifunza kupenda. Desmond Tutu, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Cape Town, alikuwa akisimulia mara nyingi jinsi alipokuwa mtoto, amesimama pamoja na mama yake, akapita padre Mzungu aliyevaa kanzu ndefu, akamvulia mama yake kofia. Mama yake alikuwa mtumishi wa kazi za nyumbani. Padre yule alikuwa Huddleston. Mtu wa nchi nyingine ataona ni adabu ya kawaida tu. Mtoto yule hakuisahau mpaka uzee. Mwaka 1949 Huddleston akafanywa mkubwa wa jumuiya yake katika Afrika ya Kusini, akahamia Rosettenville, na shule ya Mtakatifu Petro ikawa chini ya usimamizi wake.

Hata mwaka 1948 Makaburu wa chama cha Nationalist walikuwa wameshika Serikali, nao walikuja na neno lao la kutenga watu, apartheid. Walianza kwa mambo ya ndoa, na mitaa, na vipande. Kisha wakageukia shule. Wakati ule shule nyingi mno za Waafrika zilikuwa mikononi mwa misheni, na Serikali ilisaidia kwa ruzuku ya mishahara. Mwaka 1953 ikatungwa Sheria ya Elimu ya Wabantu. Mwenye kuisimamia alikuwa Waziri wa Mambo ya Wenyeji, Dr. Hendrik Verwoerd, mtu mwenye elimu kubwa, aliyewahi kuwa profesa. Nasema hivyo kwa kusudi, maana wako wadhanio ya kwamba ubaguzi ni tunda la ujinga.

Huyu waziri hakuficha nia yake. Alisema katika Baraza ya kwamba hakuna nafasi kwa Mwafrika katika jamii ya Wazungu kupita kiasi cha kazi za namna fulani. Akalaumu shule za misheni, kwa kuwa ziliwaonyesha watoto malisho mabichi ya Wazungu ambamo hawana ruhusa ya kulisha. Tena aliuliza kuna faida gani kumfundisha mtoto wa Kibantu hesabu ambazo hataweza kuzitumia.

Basi hilo ndilo lile neno nililowaomba mliweke. Wakati waziri alipouliza swali hilo, katika mji wa Johannesburg alikuwako Oliver Tambo, ambaye alijifunza hesabu Rosettenville, akazifundisha Rosettenville, naye sasa alikuwa wakili, ana ofisi mjini pamoja na mwenzake Nelson Mandela tangu 1952. Swali la waziri lilikuwa limekwisha kujibiwa. Lakini sheria haikutungwa kwa kuwa Mwafrika hawezi kujifunza. Ilitungwa kwa kuwa anaweza.

Sheria ilikuwa na mambo mengi, nitataja machache. Shule zote za Waafrika zilitolewa katika mikono ya majimbo na misheni, zikawekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Wenyeji, tangu Aprili 1955. Fedha ya elimu ya Waafrika itokayo katika hazina kuu ya nchi ilipigiwa mstari, isizidi paundi 6,500,000 kwa mwaka. Kilichopungua kilipwe kwa kodi za Waafrika wenyewe, hata watoto wakiongezeka namna gani. Wala mtu hakuruhusiwa kuwa na shule isiyoandikishwa. Mwenye kuifundisha ni mkosaji, atashitakiwa. Tena kuandikishwa kulikuwa kwa hiari ya waziri, aweza kukubali leo na kukataa kesho.

Misheni zikaambiwa zichague. Ama ziitolee Serikali shule zao, kwa kuziuza au kwa kuzipangisha. Ama zibaki nazo, ruzuku ikipunguzwa mpaka iishe kabisa, na mafundisho yawe yale yale ya waziri. Kila Kanisa likaingia katika shida yake. Maaskofu wa Kanisa Katoliki wakaamua kushika shule zao, wakachangisha fedha kwa waumini, kazi kubwa ajabu. Makanisa mengine karibu yote yakatoa shule. Katika Kanisa la Anglikana maaskofu wengi, pamoja na Askofu Mkuu Geoffrey Clayton wa Cape Town, waliona ya kuwa sheria ni mbaya, lakini kuwatupa watoto barabarani ni vibaya zaidi. Wakakubali kupangisha majengo. Askofu wa Johannesburg, Ambrose Reeves, peke yake alikataa. Alisema shule za dayosisi yake zitafungwa. Na Jumuiya ya Ufufuo, kwa kinywa cha Huddleston, ikasema hivyo hivyo juu ya Shule ya Mtakatifu Petro.

Hapa ndipo patupasapo kusimama kidogo, maana ni rahisi kwetu leo, tujuao mwisho wa mambo, kumsifu huyu na kumlaumu yule. Hoja ya kina Clayton haikuwa ya woga. Mtoto wa miaka saba hajui sheria. Ajua kwamba jana alikuwa na darasa na leo hana. Tena mtaani palikuwa na magenge ya vijana waliokosa shule, na kila mzazi aliyajua. Mkate mbovu, walisema, ni heri kuliko njaa. Wengi waliosema hivyo walikuwa walimu wa Kiafrika, wenye watoto wao wenyewe na mishahara midogo.

Hoja ya Huddleston na Reeves ilikuwa hii. Kama ni mkate mbovu tu, sawa. Lakini huu ni mkate uliotiwa sumu kwa makusudi. Shule iliyowekwa ili imfundishe mtoto kwamba yeye ni duni, na kwamba Mungu amemwumba kwa ajili ya kazi za mkono za mtu mwingine, hiyo si shule pungufu. Ni kinyume cha shule. Na Kanisa likitoa majengo yake, na jina la mtakatifu wake juu ya lango, litakuwa limeipamba sumu ili inyweke. Bora watu waone mlango umefungwa waulize kwa nini, kuliko kuuona uko wazi wakadhani mambo ni salama. Hawakusema kwamba hakutakuwa na maumivu. Walijua ni nani atakayeumia, nao hawakuwa wao.

Nimesoma hoja za pande zote mbili mara nyingi, na siku nyingine nimesimama upande wa Clayton. Kinachonirudisha ni kwamba shule ya Rosettenville haikuwa na neno la kusalimisha kidogo kidogo. Shule ya kijiji yaweza kubadilishiwa vitabu na bado mwalimu mwema akanong'ona yaliyo kweli. Lakini hii kazi yake yote, tangu mwaka 1922, ilikuwa kumtayarisha mtoto wa Kiafrika kwa mitihani ile ile afanyayo mtoto wa Kizungu. Ukiondoa hilo, kilichobaki ni vyumba.

Hata Askofu Mkuu Clayton, yule mwenye tahadhari, alifika mwisho wake. Mwaka 1957 Serikali ilipotaka kuwazuia Waafrika wasiingie makanisani pamoja na Wazungu, alitia sahihi barua kwa Waziri Mkuu ya kusema kwamba jambo hilo hawezi kulitii wala kuwashauri watu wake walitii. Ilikuwa Jumatano ya Majivu. Kesho yake akafa.

Mwanzo wa mwaka 1955 ulikuwa mchungu katika Johannesburg. Tarehe 9 Februari askari wapatao 2,000 walikuja Sophiatown na malori, mvua ikinyesha, wakaanza kuhamisha watu kwenda Meadowlands. Mwezi wa Aprili sheria ya shule ikaanza kazi. African National Congress kilikuwa kimeazimia watoto wazisusie shule mpya, na tarehe 12 Aprili maelfu ya watoto katika miji ya mashariki ya Johannesburg, na katika mji wenyewe, walikaa nje. Waziri akatoa neno: asiyerudi kufikia tarehe 25 Aprili hatapokelewa tena. Watoto wapatao 7,000 wakafukuzwa hivyo.

Basi wazazi na marafiki wakaanzisha mahali pa kuwakusanyia watoto hao, na Huddleston alikuwa mmoja wa waliosimamia kazi hiyo. Hawakuthubutu kupaita shule, kwa maana shule isiyoandikishwa ni kosa, walipaita vilabu. Wakafundisha kwa nyimbo na michezo na hadithi. Hesabu wakazificha ndani ya michezo, na jiografia ndani ya masimulizi. Ubao na chaki havikuwako, kwa kuwa polisi walipoingia ndivyo walivyovitafuta kuwa ushahidi. Mwenye kufundisha watoto alijificha kama mtu apikaye pombe ya haramu. Vilabu hivyo vilidumu kwa shida, fedha ikapungua, watoto wengi wakarudi mmoja mmoja katika shule za Serikali. Yatupasa kulisema hili wazi: ususiaji ule haukushinda, na watoto wale walilipa bei.

Na Shule ya Mtakatifu Petro? Haikufungwa kwa siku moja. Iliendelea mwaka 1955 na mwaka 1956, ikijua siku zake zimehesabiwa. Walimu waliingia darasani, kengele ikalia, mitihani ikafanywa. Mimi nimekuwa mwalimu, na nikifikiri juu ya habari hii yote, jambo linigusalo kuliko mengine ni miaka ile miwili: mtu kusahihisha madaftari vizuri katika shule ambayo haitakuwako. Huddleston mwenyewe hakuwako siku ya mwisho. Wakubwa wa shirika lake walimwita arudi Uingereza, akaondoka mapema mwaka 1956 kwa kutii, wala hakutaka. Mwezi wa Juni 1955, katika mkutano mkuu wa watu huko Kliptown, alikuwa amepewa heshima ya Isitwalandwe, yaani ya kuvaa manyoya ya ndege ambayo hapo kale huvaliwa na mashujaa tu. Mwaka 1956 alitoa kitabu chake, Naught for Your Comfort, kikasomwa nchi nyingi, na dunia ikajua.

Mwishoni mwa mwaka 1956 shule ikafungwa. Mwezi huo wa Desemba, tarehe 5, polisi waliamka alfajiri wakakamata watu 156 kwa shitaka la uhaini. Kati yao walikuwamo Tambo na Duma Nokwe, mwalimu na mwanafunzi wa shule ile. Tambo wakati huo alikuwa amekubaliwa na Askofu Reeves kujitayarisha kwa upadre. Njia yake ikawa nyingine.

Majengo hayakukaa matupu. Mwaka 1958 ilifunguliwa pale shule nyingine, ya Mtakatifu Martin, nayo ikawa ya watoto wa Kizungu, kwa kadiri ya sheria ya mitaa. Katika vyumba vile vile! Miaka ilipopita shule hiyo nayo ikafungua milango kwa watoto wa rangi zote. Chuo cha mapadre kilibaki Rosettenville mpaka 1963, na kati ya waliosoma mle alikuwa Desmond Tutu, aliyekuwa mwalimu wa shule akaacha kazi kwa kuwa hakutaka kufundisha Elimu ya Wabantu. Askofu Reeves alifukuzwa nchini mwaka 1960, baada ya mauaji ya Sharpeville.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 26 Juni 1959 ulifanyika mkutano mjini London wa kuwahimiza watu wasinunue vitu vya Afrika ya Kusini. Wawili wa walionena siku hiyo walikuwa Padre Huddleston na Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka uliofuata Huddleston akawa Askofu wa Masasi. Tusijisifu upesi kwamba alitoka gizani akaja nuruni. Katika Tanganyika ya siku zile mtoto wa Kizungu alikuwa na shule yake, wa Kihindi yake, wa Kiafrika yake, na fedha iliyotumika kwa kila mmoja haikuwa sawa hata kidogo. Utengano huo uliondolewa na sheria mpya ya elimu iliyoanza Januari 1962, mara baada ya Uhuru.

Na hapa pana jambo ambalo msomaji mwangalifu ataliuliza. Shule za misheni katika Tanzania nazo zilichukuliwa na Serikali, kwa Sheria ya Elimu ya 1969. Mbona makanisa huku hayakufunga milango? Jibu ni rahisi kwa kusema, ingawa wakati ule wapo waliolia. Kule Serikali ilizichukua shule ili mtoto wa Kiafrika asifike mbali. Huku ilizichukua ili mtoto asiulizwe dini yake kabla ya kuulizwa jina lake, Mkristo na Mwislamu wakae benchi moja. Tendo ni moja, mkono ni ule ule wa Serikali, lakini mtoto ashikwaye mkono kupandishwa mlima si sawa na ashikwaye mkono kuzuiwa. Wakati ule Askofu Trevor alikuwa amekwisha kuondoka kwetu, kwenda kuwa askofu katika mitaa ya mashariki ya London. Alifariki Mirfield mwaka 1998, na majivu yake yakapelekwa Sophiatown, kando ya kanisa la Kristo Mfalme.

Tambo naye alipita kwetu. Alitoka Afrika ya Kusini mwaka 1960, akapitia Dar es Salaam, akakaa ugenini miaka thelathini. Tarehe 16 Juni 1976 watoto wa Soweto, waliozaliwa na kukulia ndani ya ile Elimu ya Wabantu, waliandamana kuikataa, wakapigwa risasi, na maelfu wakakimbia nchi. Wengi wao walikuwa vijana wa shule tu, wala hawakuwa na pa kusomea. Serikali ya Tanzania ikatoa ardhi Mazimbu, karibu na Morogoro, palipokuwa shamba la zamani la mkonge, na mwaka 1978 ikaanzishwa pale shule yao, ambayo baadaye ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Rais wa chama kilichoijenga alikuwa Oliver Tambo. Hesabu ilikuwa mojawapo ya masomo.